Fedha za Umma, Shule za Nani?



Miezi michache iliyopita, katika mkutano wa wazazi uliofanyika ukumbini mwa kanisa letu, mzee mmoja wa kanisa alisimama akiwa na karatasi mkononi. Ni mtu ninayemheshimu sana. Katika siku za giza za chama kimoja hakuwahi kuinamisha kichwa mbele ya chifu. Alikuwa amesoma kwamba serikali ya Marekani hutenga mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka kwa ajili ya watu wanaotaka kuanzisha shule mpya za umma, au kuzipanua zile ambazo tayari wameziendesha vyema. Akauliza, "Kwa nini sisi tusidai hayo hayo? Kanisa lina ardhi. Kanisa lina walimu. Wazazi wanaliamini kanisa kuliko wanavyoiamini wizara. Basi serikali itupe fedha, kisha ituache tufanye kazi." Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mimi sikupiga. Baada ya mkutano mzee aliniita kando akaniuliza, "Wakili, mbona ulinuna?" Nilimwahidi jibu la maandishi, na jibu lenyewe ni hili. Nalitoa hadharani kwa sababu naona fikira hii inaenea miongoni mwetu sisi tuliopigania uwazi, nayo isipochunguzwa itatufanya tudai kwa vinywa vyetu wenyewe jambo tulilolipinga kwa miaka mingi: fedha za wananchi zikabidhiwe wateule wachache bila mtu wa kuwauliza.

Nianze na haki ya mzee. Alichokisoma ni kweli. Shule hizo Wamarekani huziita kwa jina la hati inayoziunda, nami nitaziita shule za mkataba. Mwezi wa Machi mwaka 1988, Albert Shanker, aliyekuwa kiongozi wa chama kikubwa cha walimu nchini humo, alihutubia waandishi wa habari mjini Washington akipendekeza kwamba walimu wapewe nafasi ya kujaribu njia mpya za kufundisha chini ya hati maalumu. Yafaa tukumbuke kwamba aliyelipigia debe wazo hilo wakati huo alikuwa mtetezi wa walimu, wala hakuwa mfanyabiashara. (Baadaye, alipoona wazo lake limechukuliwa na watu wengine, aligeuka akalipinga.) Jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya kwanza mwaka 1991, mwaka ule ule ambao huku kwetu wazee wetu walikuwa wakidai kufutwa kwa Kifungu cha 2A. Shule ya kwanza ikafunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992. Mwaka 1994 Bunge la Marekani likaanzisha mfuko wa ruzuku wa taifa zima wa kusaidia shule hizo kuanza. Mfuko ulianza na kiasi kidogo. Kuanzia mwaka 2019 ukawa ukipewa dola milioni 440 kwa mwaka, na mwaka 2025 ukafikishwa dola milioni 500. Leo shule za mkataba zinakaribia 8,000, zikiwa na wanafunzi wanaokaribia milioni nne.

Hayo mzee aliyasoma. Kuna ukurasa ambao karatasi yake haikuwa nao, nao ndio unaozungumza na sisi wanasheria.

Sheria ile haisemi, "Yeyote mwenye nia njema na apewe fedha." Inaanza kwa kueleza shule ya namna gani inaweza kuitwa ya umma ingawa haiendeshwi na wizara. Shule hiyo haitozi karo hata senti moja. Haichagui watoto: wakizidi nafasi zilizopo, hupigwa kura hadharani, na mtoto wa kinyozi huingia katika kapu moja na mtoto wa hakimu. Haimfukuzi mtoto mwenye ulemavu kwa kisingizio cha gharama, kwa maana sheria za haki za raia na za watoto wenye ulemavu zinaifunga sawasawa na shule nyingine. Hesabu zake hukaguliwa. Iko chini ya mkataba wa maandishi baina yake na chombo cha umma kilichoipa idhini, na mkataba huo unataja matokeo yatakayopimwa. Yasipopatikana, mkataba unaweza kuvunjwa na shule ikafungwa. Tena, na hapa ndugu zangu wa kanisa wanisikilize vizuri, ili ipate ruzuku ya taifa, sheria inadai isiwe ya madhehebu yoyote, si katika masomo, si katika kupokea wanafunzi, si katika kuajiri.

Ruzuku yenyewe nayo ina mipaka. Ni ya kuanzia na ya kupanulia, wala si ya kula milele. Jimbo likipokea fedha hizo, sehemu isiyopungua asilimia 90 lazima izifikie shule zenyewe, na asilimia isiyozidi 3 tu ndiyo inayoruhusiwa kubakia kwa ajili ya uendeshaji wa ofisi. Hebu rudieni kuisoma tarakimu hiyo ya mwisho, kisha mfikirie ofisi zetu. Shule haipokei zaidi ya miaka mitano, na katika hiyo miezi isiyozidi 18 ndiyo ya kupanga na kujiandaa. Ukishindwa kuandaa mambo, huna haki ya kusema kwamba unaendelea kupanga.

Sasa mtu ataniuliza: kwa kuwa sheria ni nzuri hivyo, wakili analalamikia nini? Nalalamikia kwamba hata yenye minyororo yote hiyo, imetokewa na aibu kubwa. Na mzee wetu anataka kuileta kwetu bila mnyororo hata mmoja.

Tazameni yaliyotokea California. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa San Diego waliwashtaki watu kumi na mmoja waliohusika na mtandao wa shule 19 za mkataba zilizofundisha kwa njia ya intaneti. Fedha za jimbo zilizopitia mikononi mwao zilizidi dola milioni 400. Haya ni malipo ambayo jimbo hutoa kwa kila mwanafunzi aliyeandikishwa, mbali na ruzuku ya kuanzia niliyoieleza, lakini mlango ni ule ule. Mbinu ilikuwa rahisi kiasi cha kutia uchungu. Waliwaendea makocha wa michezo ya watoto wakati wa likizo, wakawalipa ili wapate majina ya watoto waliokuja kucheza mpira. Majina hayo yakaandikishwa kuwa ya wanafunzi. Mtoto akapiga mpira wake akarudi nyumbani, asijue kwamba katika daftari la serikali yeye ni mwanafunzi wa shule ambayo hajapata kuiona, na kwamba kuna mtu aliyelipwa kwa ajili ya masomo yake. Mwaka 2021 wakuu wawili wa mtandao huo walikiri makosa, na zaidi ya dola milioni 200 zikakubaliwa kurejeshwa.

Nanyi mliosimamia vituo vya kupigia kura mnajua kwamba wanafunzi hewa na wapiga kura hewa ni ndugu wa tumbo moja.

Katika jimbo la Ohio, shule moja ya intaneti iliyofunguliwa mwaka 2000 ilikua mpaka ikawa miongoni mwa kubwa kabisa nchini. Jimbo lilipodai kuonyeshwa kwamba watoto waliolipiwa walikuwa wakisoma kweli, shule ilijitetea mahakamani kwamba sheria ilidai kuandikishwa tu na haikudai kusoma! Ilitakiwa kurudisha dola zinazokaribia milioni 80. Mwezi wa Januari 2018, katikati ya mwaka wa masomo, ikafungwa, na wanafunzi wapatao 12,000 wakaambiwa watafute shule nyingine. Mimi nimewahi kusimama mahakamani dhidi ya hoja za ajabu nyingi, lakini hiyo ya mtoto kulipiwa bila kusoma sijakutana nayo.

Mwaka 2016, wakaguzi wa Wizara ya Elimu ya Marekani walichunguza shule 33 za mkataba katika majimbo sita, wakakuta kwamba 22 kati yake zilikuwa na udhaifu katika udhibiti wa mambo yao na mashirika yanayoziendesha. Udhaifu huo una sura moja inayojirudia. Shule kwa jina ni ya umma na ina bodi yake, lakini bodi imetia saini kukabidhi kila kitu kwa kampuni. Kampuni inaajiri walimu, kampuni inanunua vitabu, kampuni inaipangisha shule jengo ambalo ni mali ya kampuni. Bodi inabaki kuwa muhuri. Mkaguzi akija kuuliza fedha zimekwenda wapi, anaambiwa kwamba vitabu vya hesabu vya kampuni ni siri ya biashara. Hivyo ndivyo fedha zinavyoingia zikiwa za umma na kutoka zikiwa za mtu.

Mwaka 2022 serikali ya huko ilitunga masharti mapya: mwombaji wa ruzuku aweke wazi mikataba yake na kampuni za faida, na shule iliyokabidhiwa nzima kwa kampuni ya namna hiyo isipewe fedha. Kukawa na makelele na maandamano, kana kwamba mtu ameambiwa afunge shule zote. Mwaka 2025 utawala uliofuata ukaanza kuyalegeza masharti, na mwaka huo huo ukaongeza fedha. Mnyororo unapunguzwa na mfuko unatunishwa kwa wakati mmoja. Hatuhitaji kuwa Wamarekani ili tuisome lugha hiyo.

Sitaki kuwadanganya. Zipo shule za mkataba zilizofanya kazi ya kusifiwa. Utafiti mkubwa wa chuo kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba, kwa wastani, wanafunzi wa shule hizi waliwazidi kidogo wenzao wa shule za kawaida, zaidi katika kusoma kuliko katika hesabu. Ofisi ya uwajibikaji ya Bunge la nchi hiyo nayo iliripoti mwaka 2022 kwamba shule zilizopata ruzuku ya taifa zilikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufungwa kuliko shule za mkataba zilizofanana nazo ambazo hazikuipata. Wapinzani wa ruzuku hawapendi kuinukuu taarifa hiyo. Mimi nainukuu kwa sababu inatetea hoja yangu. Fedha zinazotolewa baada ya maswali magumu huelekea kumfikia mwenye uwezo wa kuyajibu.

Nije sasa kwenye lile lililo gumu zaidi kuliandika katika kurasa hizi.

Mwezi wa Juni mwaka 2023, bodi ya jimbo la Oklahoma iliidhinisha, kwa kura tatu dhidi ya mbili, shule ya mkataba ya Kikatoliki iliyopewa jina la Mtakatifu Isidori wa Sevilla. Ingekuwa shule ya kwanza ya mkataba nchini Marekani iliyo ya kidini waziwazi, ikifundisha imani kwa fedha za walipa kodi wote. Aliyekwenda mahakamani kuipinga hakuwa mkana Mungu. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, Gentner Drummond, wa chama kile kile cha Republican ambacho wengi wa viongozi wake waliishangilia shule hiyo. Mwezi wa Juni 2024 Mahakama Kuu kabisa ya Oklahoma ikaamua kwamba shule ya mkataba ni chombo cha serikali, na chombo cha serikali hakiwezi kuwa cha dini moja. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya taifa. Tarehe 22 Mei 2025 majaji wakagawanyika wanne kwa wanne, jaji mmoja akiwa amejitoa, na kwa mgawanyiko huo uamuzi wa jimbo ukabakia. Swali halijafungwa. Litarudi, na mimi nina hakika litarudi kwa kesi nyingine.

Ndugu zangu Wakristo wengi walihuzunika. Mimi nilishukuru, nami ni muumini.

Nishukuruje? Kwa sababu nakumbuka mimbari zetu. Wakati ambapo Bunge lilikuwa la chama kimoja na magazeti yalikuwa yakihesabu maneno, mimbari ndiyo iliyobaki. Maaskofu na wachungaji walioukemea uchaguzi wa mlolongo mwaka 1988 waliweza kuukemea kwa sababu mishahara yao haikupitia kwa mkuu wa wilaya. Fikirini ingekuwaje iwapo siku ile kila dayosisi ingekuwa inasubiri hundi ya robo mwaka kwa ajili ya shule zake arobaini. Je, waraka wa kichungaji ungesomwa Jumapili ile, au ungesubiri hadi hundi iingie benki? Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ilipozifanya shule za misheni kuwa za serikali, kanisa likabaki kuwa mfadhili, mwenye sauti katika mambo ya kiroho na nafasi katika bodi, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeendeleza nafasi hiyo. Wapo wanaoona mpango huo kuwa ni hasara. Kwangu mimi ulilipa kanisa kitu kisichonunuliwa, yaani uhuru wa kusema "shule hii inaharibiwa" bila kuwa ndilo linaloshika mfuko wake.

Mzee atasema kwamba mimi naogopa vivuli. Basi nimkumbushe jambo ambalo sote wawili tuliliona kwa macho, yeye akiwa mtu mzima na mimi nikiwa mtoto. Mwaka 1989 palitangazwa harambee ya kujenga shule ya sekondari katika lokesheni yetu. Mama yangu alitakiwa kutoa fedha, akasema hana. Askari wa chifu wakaja wakachukua kuku watatu na debe la mahindi. Stakabadhi tulipewa, niliishika mwenyewe, kwa kuwa bila stakabadhi hiyo hungeweza kupata barua yoyote katika ofisi ya chifu. Mheshimiwa mmoja akaja kwa ndege, akaweka jiwe la msingi, akacheza ngoma, akaondoka. Jiwe lipo mpaka leo na jina lake limechongwa vizuri sana. Darasa halipo. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kueleza kuku wa mama yangu waliishia wapi, kwa sababu hapakuwa na mkataba, hapakuwa na mkaguzi, hapakuwa na kifungu cha sheria ambacho mjane angeweza kukipeleka kortini. Hiyo ilikuwa ruzuku ya kuanzisha shule ya umma. Tofauti ni kwamba mtoaji alikuwa maskini.

Wala tusidhani kwamba mambo ya shule za kampuni yako mbali nasi. Mwaka 2009 kampuni iliyoanzishwa na Wamarekani, Bridge, ilifungua shule yake ya kwanza katika mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi. Zile hazikuwa shule za mkataba. Zilikuwa za binafsi zenye karo. Shirika la fedha la Benki ya Dunia liliwekeza humo, kisha malalamiko yakapelekwa mwaka 2018 kwa ofisi ya uchunguzi ya shirika hilo kupitia watetezi wa haki za binadamu wa papa hapa Kenya, na mwaka 2022 shirika likaondoa fedha zake. Lakini huko Liberia, mwaka 2016, serikali ilikabidhi shule 93 za umma kwa mashirika manane, Bridge ikiwa mmojawapo, kwa mfano wa shule za mkataba za Marekani. Watafiti walioufuatilia mpango huo walikuta watoto wamejifunza zaidi. Walikuta pia gharama kubwa, na wanafunzi walioondolewa pale ambapo madarasa yalikuwa yamejaa. Mtoto aliyeondolewa hahesabiwi katika wastani wa waliobaki. Ndiyo maana kura ya hadharani na kizuizi cha kufukuza ni vifungu vya lazima, wala si mapambo.

Kuna hoja moja ya mzee ambayo sina haki ya kuipuuza. Aliniambia, "Wakati wewe unatafuta vifungu, wajukuu wangu wanakaa themanini katika darasa moja." Ni kweli. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kila mzazi anayesoma maneno haya anajua ni mara ngapi fedha za shule huchelewa na mwalimu mkuu akalazimika kukopa chaki. Hasira ya mzee ni halali. Lakini dawa ya serikali isiyotimiza mkataba wake na wananchi haiwezi kuwa kumpa mtu mwingine fedha zile zile bila mkataba kabisa. Kifungu cha 201 kinadai uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma. Hakikusema isipokuwa anayezipokea ni mtu wa Mungu.

Kwa hiyo nimemwandikia mzee barua, naye ameniruhusu niitaje hapa. Nimemwambia kwamba niko tayari kuuandika mswada bila malipo na kumfuata hadi kwa mbunge wetu tuupeleke pamoja, mradi akubali kwanza kuyatetea mbele ya ukumbi ule ule uliopiga makofi mambo haya: kwamba shule yoyote itakayopewa ruzuku haitatoza karo, kwamba watoto wataingia kwa kura, wa Waislamu na wasio na dini wakiwemo, na mwenye ulemavu hatarudishwa mlangoni, kwamba nusu ya bodi itachaguliwa na wazazi kwa kura ya siri, kwamba kila mkataba na kila hundi itabandikwa ukutani mwa shule ambapo mama asiye na simu anaweza kuisoma au kusomewa, kwamba Mkaguzi Mkuu ataingia bila kubisha hodi, hata katika vitabu vya kampuni iliyoajiriwa, na kwamba kanisa likiendesha shule hiyo, darasa la katekisimu litafanyika kwa fedha za sadaka.

Jibu lake limekuja Jumapili iliyopita. Matano ameyakubali. Hilo la mwisho anasema anataka tulizungumze kwanza, yeye na mimi na mchungaji, na tumepanga kukutana wiki ijayo baada ya ibada.